Kipimo cha vinasaba na saratani ya matiti: kwa nini mgonjwa ndiye hupimwa kwanza

Ukisema "kipimo cha vinasaba" mbele za watu, wengi hufikiria jambo moja tu: mtoto ni wa nani. Ndivyo neno hilo lilivyozoeleka, likifuatana na kesi za matunzo na ugomvi wa mirathi. Siku hizi linasikika hospitalini pia, daktari anapomwambia mgonjwa wa saratani ya matiti kwamba ingefaa apimwe vinasaba, na pengine dada zake baada yake. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Mmoja anadhani damu ile itaonyesha kama ana kansa. Mwingine anadhani akikutwa "nayo" basi kuugua ni suala la siku tu. Wa tatu anamkumbuka mwigizaji Angelina Jolie, aliyetangaza Mei 2013 kwamba, baada ya kupimwa vinasaba, ameondolewa matiti yote mawili akiwa hana saratani, na anauliza kama na sisi ndiko tunakopelekwa.

Kipimo hiki hakitafuti saratani. Kinasoma maandishi uliyozaliwa nayo na kuangalia kama yana kosa linaloongeza uwezekano wa wewe kuugua kuliko jirani yako. Anayetaka kujua kama uvimbe alio nao ni saratani anahitaji picha ya titi na kinyama kilichochukuliwa kwenye uvimbe wenyewe. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mwenye uvimbe leo asisubiri majibu ya vinasaba ndipo aende kuchunguzwa.

Seli, jeni na kosa

Mwili umejengwa kwa seli. Ndani ya karibu kila seli mna maandishi marefu yaitwayo DNA, yenye herufi zipatazo bilioni 3, ingawa herufi zenyewe ni nne tu zinazojirudia kwa mpangilio mbalimbali. Jeni ni kifungu kimoja cha maandishi hayo, chenye maelekezo ya kazi fulani. Karibu kila jeni unazo nakala mbili, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Shika hilo la nakala mbili, maana mengi yaliyobaki yanatokana nalo.

Jeni zinazotajwa zaidi ni BRCA1 na BRCA2. Mahali pa ya kwanza, kwenye kromosomu (moja ya mafungu ya DNA) ya 17, palitambuliwa mwaka 1990 na Mary-Claire King na wenzake kwa kufuatilia koo ambamo wanawake waliugua mapema. Maandishi yake yakasomwa 1994. Ya pili, iliyo kwenye kromosomu ya 13, ikafuata 1995. Watu husema "fulani ana jeni ya BRCA" kana kwamba wengine hawana. Kila mtu anazo zote mbili, mwanamume kwa mwanamke. Tatizo ni kuzaliwa na nakala moja iliyoharibika.

Kazi ya jeni hizi ni ukarabati. DNA hukatika kila siku, mara nyingi kwa sababu ya shughuli za kawaida za seli yenyewe. Chukulia kila seli ni mashua ya uvuvi yenye mafundi wawili wa kushona nyavu, mmoja kaletwa na upande wa mama, mwingine na upande wa baba. Wavu ukichanika, yeyote kati yao anaushona. Aliyerithi nakala mbovu ni mtu ambaye mashua zake zote zimetoka bandarini na fundi mmoja mmoja. Zinavua vizuri tu. Lakini kwa mamilioni ya mashua na miaka mingi baharini, inatokea siku fundi wa pekee anapotea katika mashua moja. Tangu hapo matundu hayazibwi tena, yanaongezeka, na mashua ile inaweza kufika mahali haitii amri yoyote. Hiyo ndiyo saratani inapoanzia.

Mfano huu unaeleza kwa nini wenye kosa hili huugua mapema kuliko wengine, na kwa nini baadhi yao hawaugui kabisa: ni suala la kama fundi wa pili atapotea, na lini. Unaeleza hata namna dawa iitwayo olaparibu inavyofanya kazi. Mashua isiyo na fundi huendelea kuelea kwa viraka vya kubahatisha. Dawa hiyo inazuia hivyo viraka. Mashua ya saratani inazama, na zile zenye fundi mmoja zinabaki. Kwa hiyo mgonjwa hapimwi kwa faida ya ndugu zake peke yao. Majibu yanaweza kubadili matibabu yake mwenyewe.

Hatari ni kiasi gani

Takwimu zinazotumika sana zinatokana na utafiti mkubwa uliochapishwa 2017, wengi wa washiriki wakiwa wenye asili ya Ulaya. Kati ya wanawake 100 wenye kosa la BRCA1, wapatao 72 walikadiriwa kupata saratani ya matiti kufikia umri wa miaka 80. Kwa BRCA2 walikuwa 69. Saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai, ilikadiriwa kuwapata 44 kwa BRCA1 na 17 kwa BRCA2. Linganisha na mwanamke yeyote wa Marekani: takriban 13 kati ya 100 hupata saratani ya matiti maishani, na kama mmoja hivi ya ovari. Afrika kiwango cha kawaida kipo chini ya hicho cha Marekani, kwa hiyo namba hizo zichukuliwe kama kipimo cha ukubwa wa jambo, si utabiri wa mtu mmoja. Tena 72 hiyo imekusanywa katika miaka yote hadi 80. Haimaanishi kwamba binti wa miaka 25 ana hatari ya asilimia 72 mwaka huu.

Kwa upande mwingine, sehemu kubwa ya saratani za matiti haikurithiwa. Ulaya na Marekani hukadiriwa kuwa 5 hadi 10 kati ya 100 ndizo za kurithi. Kwetu watu wengine huishia hapo na kusema haya ni mambo ya Wazungu, labda kwa kuwa wamesikia kwamba miongoni mwa Wayahudi wa asili ya Ulaya Mashariki mtu 1 kati ya 40 ana kosa la BRCA. Utafiti wa Nigeria uliochapishwa 2018, wa wagonjwa 1,136 wa saratani ya matiti, ulikuta wapatao 15 kati ya kila 100 wana kosa la kurithi katika jeni mojawapo zinazohusika, wengi wao BRCA1 na BRCA2. Matokeo ya Uganda na Kameruni yalikaribia hayo. Halihusu Wazungu peke yao, basi. Ila na hapa tusizidishe: wagonjwa wetu wengi ni vijana kwa sehemu kwa sababu watu wetu kwa jumla ni vijana. Umri mdogo ni sababu ya kupima, lakini peke yake si ushahidi wa urithi.

Linavyopita katika ukoo

Mzazi mwenye nakala moja mbovu humpa kila mtoto ama nakala nzima ama mbovu. Ni kama kurusha shilingi, na hurushwa upya kwa kila mtoto. Watoto wanne wanaweza kuirithi wote, na wanaweza kuikosa wote. Anayefanana na shangazi yake aliyeugua, sura na mwendo, hana hatari zaidi ya mdogo wake asiyefanana naye.

Kosa ambalo hata watu wa hospitali hulifanya ni kuuliza upande wa mama peke yake, eti kwa kuwa matiti ni mambo ya wanawake. Nusu ya vinasaba vyako vimetoka kwa baba. Baba anaweza kubeba kosa hilo miaka 80 bila kuugua na kuwapa binti zake. Akiwa na kaka sita na hana dada, ukoo huo utaonekana safi kabisa kumbe kosa limo, limekosa tu mahali pa kujionyesha. Hivyo si kweli kwamba urithi huu "huruka kizazi". Ugonjwa ndio unaoweza kuruka. Kosa lenyewe likishakosekana kwa mzazi, haliwezi kuibuka kwa mwanawe kutoka kwa babu wa upande huo. Na mwanamume naye hajasalimika moja kwa moja: kosa la BRCA2 linampa hatari ya saratani ya matiti ya takriban 7 kati ya 100, na linaongeza hatari ya saratani ya tezi dume.

Kisha kuna lugha yetu. Daktari anapouliza kama kuna dada aliyeugua, Kiswahili kinamruhusu mtu kujibu ndiyo akimaanisha binti wa mama mdogo. Mama mkubwa ni mama, bibi ni yeyote wa rika la bibi. Katika maisha huo ni utajiri. Katika kuchora ukoo kwa ajili ya kipimo hiki ni mtego. Dada wa baba mmoja na mama mmoja anachangia nawe takriban nusu ya vinasaba. Dada wa baba mmoja, mama mwingine, robo. Binti wa mama mdogo, sehemu moja ya nane. Shangazi na bibi mzaa baba ni robo kila mmoja. Kwa hiyo sema "tumbo moja" au "baba mmoja tu", na katika familia ya wake wengi andika kila nyumba peke yake.

Andika pia kiungo kilichougua na umri alipoanza kuugua, si umri aliofariki. Bibi anayesemekana alikufa "kwa tumbo", likajaa maji, huenda alikuwa na saratani ya ovari. Aliyeelezwa kuwa alirogwa na donda la kifuani likakataa kupona, huenda saratani yake ilikuwa ya titi. Habari hizi wanazo wazee, hasa shangazi waliowauguza, na hazimo kwenye faili lolote.

Dalili zinazofanya kipimo kiwe na maana ni kama hizi: saratani ya matiti kabla ya miaka 50, saratani ya ovari katika umri wowote, mwanamume mwenye saratani ya titi, mtu mmoja kuugua matiti yote mawili, ndugu wawili au zaidi wa upande mmoja waliougua, au saratani ya titi isiyo na vipokezi vyote vitatu. Hiyo ya mwisho inahitaji ufafanuzi, maana inachanganya. Kinyama cha uvimbe hupimwa vipokezi vya homoni viwili, yaani sehemu za seli zinazonasa homoni, na kipokezi cha tatu kiitwacho HER2, ili kuchagua dawa. Watu hulisoma neno HER2 kwenye majibu na kudhani ndicho kipimo cha urithi. Sicho. Kinaeleza tabia ya uvimbe na hakisemi chochote kuhusu watoto wako. Ila uvimbe ukikosa vyote vitatu, uwezekano wa kosa la BRCA1 hupanda.

Nani aanze

Mara nyingi binti asiyeumwa, ambaye dada yake anaumwa, ndiye anayekwenda kupima kwanza, kwa sababu ndiye mwenye nguvu, fedha na hofu. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Akikutwa hana kosa, jibu hilo linaweza kuwa na maana tatu. Pengine kosa lipo katika ukoo naye hakulirithi. Pengine lipo, naye analo, lakini kipimo hakikuliona au liko kwenye jeni ambayo haikupimwa. Pengine saratani ya dada yake si ya kurithi. Hakuna namna ya kujua ni ipi kati ya hizo, naye anarudi nyumbani akifurahia karatasi isiyomwambia kitu.

Mgonjwa akipimwa kwanza mambo hubadilika. Kosa likipatikana kwake, tayari mnajua mnachotafuta. Dada yake anapimwa neno hilo moja tu, kwa gharama ndogo zaidi, na akikutwa hana, basi hana kweli: hatari yake inarudi kuwa ya mwanamke yeyote, na watoto wake hawalipati kutoka kwake. Jibu ni lilelile, "hakuna", lakini la kwanza ni nusu jibu na hili la pili ni jibu kamili.

Kama mgonjwa ameshafariki, huenda maabara ya patholojia bado inatunza kipande cha uvimbe wake ndani ya nta. Kinaweza kujaribiwa, ingawa fomalini, dawa ya kuhifadhia kinyama, huharibu DNA na majibu wakati mwingine hushindikana. Isitoshe, kosa lililokutwa kwenye uvimbe si lazima liwe la kurithi, kwa kuwa uvimbe hujizalishia makosa yake. Huhakikishwa kwa damu ya ndugu. Bila hivyo, anapimwa ndugu wa karibu zaidi, akijua mapema kwamba "hakuna" yake ni ya nusu.

Kipimo chenyewe

Huhitaji kufunga. Damu kidogo, mililita 5 hivi, huchukuliwa kwenye chupa yenye kizibo cha zambarau, ambayo ina dawa ya kuzuia damu isigande. Ikiwekwa kwenye chupa nyingine ikaganda, utaitwa tena. Baadhi ya maabara hupokea mate, takriban mililita 2, nayo hushindikana kwa sababu ndogo ndogo: mtu amekunywa chai muda si mrefu, au ameona povu limefika kwenye mstari akadhani ndiyo mate. Kaa dakika 30 bila kula, kunywa, kuvuta sigara wala kutafuna chochote, kisha jaza mpaka mate yenyewe, si povu, yafike kwenye mstari. Aliyewahi kupandikizwa uboho aseme, maana damu yake inabeba vinasaba vya aliyemchangia. Mara nyingi sampuli kutoka Afrika Mashariki husafirishwa nje, na majibu huchukua wiki 2 hadi 4 tangu ifike maabara.

Kabla ya kulipa uliza maswali mawili. La kwanza: je, jeni zote mbili zinasomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho? Vipimo vya kununua mtandaoni vya kujua asili ya mtu huangalia makosa machache yaliyochaguliwa, na kwa muda mrefu kimojawapo maarufu kiliangalia matatu tu, yale ya Wayahudi. Mtanzania akipata "hakuna" hapo, hajapimwa. La pili: je, kinatafuta pia kurasa zilizong'oka? Wakati mwingine kosa si herufi. Kipande kizima cha jeni hakipo. Kwa kuwa una nakala mbili, msomaji wa herufi atausoma ukurasa ulio kwenye nakala nzima na kuona kila kitu kipo. Inabidi zihesabiwe, kuona kama ukurasa ule upo mara mbili au mara moja.

Kusoma majibu

Kati ya "lipo" na "halipo" kuna jibu la tatu, nalo ndilo linalosumbua zaidi: badiliko ambalo maana yake haijulikani. Chukua maneno "kula" na "kura". Herufi moja imebadilika, na maana imeharibika. Sasa chukua anayeandika "gali" badala ya "ghali": tofauti ipo, lakini mnaelewana. Maabara inapokuta herufi ngeni hulinganisha na kamusi ya mabadiliko yaliyokwishaonekana duniani. Shida ni kwamba kamusi hiyo imeandikwa zaidi kwa kusoma watu wa asili ya Ulaya. Ni kama kumpa msomaji wa Kiunguja neno la Kiamu: hajui kama ni kosa la chapa au ni neno halali asilowahi kukutana nalo. Ndiyo maana Waafrika hupata jibu hili mara nyingi zaidi.

Jibu hilo lisitumike kuamua upasuaji, wala ndugu wasipimwe kwa ajili yake. Mengi ya mabadiliko hayo, yakishachunguzwa, huishia kuitwa salama. Rudi kuuliza baada ya mwaka au miwili kama kamusi imeongezeka.

Kama jibu ni "lipo", uliza ni jeni ipi. Siku hizi hupimwa jeni nyingi kwa pamoja, na hazilingani. PALB2 inakaribia BRCA2 kwa hatari ya matiti. CHEK2 na ATM huongeza hatari takriban mara mbili tu, na mpango wa kumfuatilia mwenye kosa hilo ni mwepesi zaidi.

Mwenye kosa la BRCA hashauriwi kukimbilia kisu. Miongozo mingi ya kimataifa huanza na uchunguzi wa matiti kwa daktari tangu miaka 25, pamoja na MRI (picha inayopigwa kwa sumaku) kila mwaka, kisha mamografia, yaani eksirei ya matiti, inaongezwa kufikia 30. MRI hutangulia kwa sababu titi la kijana limeshonana: kwenye mamografia linaonekana jeupe, na uvimbe nao ni mweupe. Kuondoa matiti hupunguza hatari ya saratani hiyo kwa asilimia 90 au zaidi, lakini haiwi sifuri, maana chembe za nyama ya titi hubaki chini ya ngozi. Huo ni uamuzi wa mwenye mwili. Kwa ovari ushauri ni mzito zaidi, kwa kuwa hakuna uchunguzi wa kuaminika wa kuikamata saratani yake mapema: ovari na mirija ya uzazi huondolewa mwanamke akishamaliza kuzaa, kwenye miaka 35 hadi 40 kwa BRCA1, na 40 hadi 45 kwa BRCA2. Kukoma hedhi ghafla kuna gharama yake kwa mifupa, usingizi na ndoa, na hilo lizungumzwe kabla ya siku ya upasuaji. Watoto chini ya miaka 18 hawapimwi. Hakuna la kuwafanyia katika umri huo, na wana haki ya kuamua wenyewe wakikua. Kunyonyesha hakumpi mtoto kosa hili. Kama amelirithi, alizaliwa nalo.

Karatasi ya majibu ina mstari wenye jina la jeni, likifuatiwa na msimbo unaoanza na herufi c na nukta, halafu namba. Mstari huo ndio ndugu zako wanauhitaji. Neno "BRCA" peke yake halitoshi, kwa sababu makosa yanayojulikana ni maelfu na maabara lazima ijue itazame wapi. Piga picha ukurasa mzima uwatumie. Kisha jueni limetoka upande gani, kwa kumpima baba au mama kama yupo hai. Likitoka kwa baba, mama wadogo na watoto wao hawahusiki na hawana haja ya kulipia chochote. Wanaohusika ni shangazi, baba wakubwa na wadogo, na watoto wao wote, wa kiume wakiwemo.